Vimebaki Vitatu

Kaka yangu alitengeneza filamu yenye chombo cha angani kikubwa kama uwanja wa mpira, na ndani ya chombo kizima hamkuwa na mtu hata mmoja wa kumhurumia. Nasema hivi nikiwa ndugu yake wa tumbo moja. Wageni waliokaa nyuma yangu siku ya maonyesho ya kwanza walikuwa na adabu kuliko mimi, wakasema filamu ina picha nzuri. Filamu ya kusisimua ikisifiwa picha, ujue hakuna aliyesisimka.

Nieleze kidogo, usije ukadhani nina wivu. Filamu inaitwa Mlezi wa Anga. Watu wanasafiri kwenda nyota ya mbali wakiwa wamelazwa kwenye masanduku ya kioo, na kompyuta ya chombo, inayoitwa Mlezi, ndiyo inayowaangalia usingizini. Wakiwa katikati ya safari Mlezi anawageuka. Kisa chenyewe hakina ubaya. Lakini mwanasayansi wao anaeleza kila jambo mara mbili, mara ya kwanza kwa wenzake, mara ya pili kwa sisi tunaodhaniwa mazuzu. Nahodha anarushwa ukutani na moto, anainuka na rangi ya midomo haijachujuka. Hewa inavuja, watu wanatweta, na ndiyo kwanza wawili wanagundua kwamba wanapendana, basi wanasimama kupeana hotuba. Sayari wanakotua ni lile shimo la kokoto nje ya mji, limetiwa wekundu, na alama za matairi ya malori zinaonekana waziwazi. Halafu milipuko. Kila kitu kwenye ile filamu kinalipuka, hata visivyo na sababu ya kulipuka. Mlango wa choo ulilipuka.

Hayo yote ningeyamezea. Kufanya kazi mbaya kunaweza kumpata yeyote, na kaka yangu aliifanya ile kwa miaka, akakonda, akaota mvi. Nisichoweza kumezea ni alichoifanyia sauti ya Baba.

Baba alikuwa mwigizaji wa michezo ya redio. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tukiingia naye dukani, akisema tu habari za asubuhi, watu wanageuka kabla hawajamwona. Wengine walimwomba aseme neno lolote. Aliweza kuwa hakimu, mlevi na bibi wa miaka themanini katika mchezo mmoja, na usingeshuku kuwa ni koo moja. Lakini kanda zilikuwa ghali zamani hizo, na redio ilikuwa na tabia ya kurekodi kitu kipya juu ya cha zamani. Mimi nasoma taarifa ya habari kwenye redio hiyohiyo, nimeingia stoo mwenyewe kutafuta. Kanda niliyoikuta na jina la mchezo wa Baba niliiweka kwenye mashine nikasikia mtu anatangaza mpira.

Usiniulize kuhusu simu. Simu tulikuwa nazo, na kila tulipomwelekezea Baba simu alifunga mdomo akatabasamu. Alikuwa hapendi kurekodiwa ovyo, alisema sauti nayo huvaa kabla ya kutoka nje. Kwa hiyo tuna picha zake tele akitabasamu, mdomo umefungwa. Kisha koo likaanza kumsumbua, hospitali wakaona uvimbe, na daktari akasema bila kuzungusha maneno kwamba kisanduku cha sauti kitatolewa chote. Wiki hizo kabla ya operesheni ndipo Kaka alipomwomba awe Mlezi. Baba akaingia studio, akarekodi sehemu yake yote, akatoka, akaenda kulazwa. Sauti ile ndiyo ya mwisho aliyoirekodi, na ndiyo pekee iliyobaki duniani.

Siku hizi Baba anavaa kitambaa shingoni kuficha tundu, na anazungumza nasi kwa ishara za studio. Sisi watoto wake tulizijua ishara hizo kabla ya kujua kusoma, kwa sababu alizitumia hata mezani tukila. Viganja viwili vikivutana, maana yake nyoosha, vuta muda, subiri. Kidole kikizungushwa hewani, rudia toka mwanzo. Ile ya kukata, ya kupitisha mkono shingoni, hatuitumii tena nyumbani.

Sasa sikia jambo lenyewe. Siku Kaka alipomletea Baba mswada, kabla ya operesheni, tulikaa wote watatu jikoni. Baba alisoma kimya mpaka alipofika mahali palipoandikwa kwamba Mlezi anazungumza kwa sauti ya kutisha.

"Sauti ya kutisha ndiyo ipi?" akauliza.

"Nzito, Baba. Ya chuma chuma. Tutaiongezea mwangwi."

"Hata ng'ombe ana sauti nzito." Baba akausukuma mswada kando. "Hebu nisikilize. Mlezi amepewa watu awalee. Mwanzoni aseme wanangu wamelala. Baadaye kidogo aseme watu wamelala. Sawa? Halafu siku moja, kwa upole uleule, bila kupandisha wala kushusha, aseme vimelala. Asipige kelele. Abadilishe ngeli tu."

Kaka alikuwa na kikombe mkononi, akakisahau hewani. Baba akaendelea, akiwa ameshaingia ndani ya yule Mlezi, sauti imekuwa laini kama ya mtu anayemfunika mtoto shuka. Ilikuwa ile sehemu ambayo nahodha na wenzake wawili wamejificha gizani, na wenzao wengine wote wameshakufa.

"Vimebaki vitatu," Baba akasema. "Kimoja kinalia."

Niliona vinyweleo vya mikono yangu vimesimama. Kaka aliinuka akamkumbatia Baba shingo, akasema hapo ndipo penye moyo wa filamu, mengine yote ni mabati na nyaya. Ni maneno yake hayo, na mimi nilikuwepo.

Siku ya maonyesho nilikaa na Baba safu ya mbele. Alikuwa amevaa suti, na kitambaa cha shingoni alikuwa amekipiga pasi mwenyewe. Taa zikazimwa, chombo kikapita juu ya vichwa vyetu kwa dakika nzima ili tuone kila msumari, kisha Mlezi akazungumza. Ilikuwa sauti ya kompyuta. Simaanishi sauti ya mtu anayeiga kompyuta, namaanisha kompyuta kweli, kama ile inayokwambia kwenye simu kwamba mteja hapatikani, halafu ikatumbukizwa ndani ya tangi tupu. Niligeuka kumtazama Baba. Akavuta viganja vyake viwili: subiri. Alidhani Kaka ameitunza sauti yake kwa ajili ya baadaye.

Tukasubiri. Mwanasayansi akaeleza, akaeleza tena. Mlango wa choo ukalipuka. Hatimaye nahodha na wenzake wakakimbilia stoo, taa za chombo zikazimika, na mimi nikaushika mkono wa Baba. Tangi la mafuta likalipuka, viti vyetu vikatetemeka, na kabla kishindo hakijaisha ile sauti ya bati ikabweka.

"WAMEBAKI WATATU. MMOJA ANALIA."

Mtu nyuma yetu alicheka. Si mtu mbaya, alicheka kwa sababu ilichekesha. Baba alikuwa bado anatazama mbele, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama anayemngojea mwigizaji mwenzake aliyechelewa kuingia. Aliendelea kungoja hivyo mpaka majina yakaanza kupanda kwenye skrini. Jina lake lilikuwamo. Limeandikwa, Sauti ya Mlezi.

Nje ukumbini Kaka alikuwa amezungukwa na watu wanaomwita Kamanda, jina alilopewa kazini na ambalo siku hizo alikuwa ameanza kuliitikia hata nyumbani. Alituuliza tumeionaje. Baba akampa mkono, akampigapiga begani. Mimi nilikuwa na maneno yamenijaa mdomoni, lakini wadhamini wa filamu walikuwa pale na vikombe vyao, nikaona nisimwaibishe mtu mbele za watu. Usiku ule sikulala vizuri kwa hasira. Asubuhi nikamwambia Baba naenda studio. Akaenda kuvaa viatu.

Chumba cha sauti ni kidogo, kuta zimefunikwa sponji nyeusi, mbele kuna skrini na meza ndefu ya vitufe. Fundi sauti, mtu mnene asiyependa maneno, alikuwa amekaa na spika za masikio zimemning'inia shingoni. Kaka alikuwa kwenye kiti cha kuzunguka pembeni yake. Filamu ilikuwa inatakiwa kupelekwa kwenye majumba ya sinema kesho yake, na walikuwa wanapitia sauti kwa mara ya mwisho. Aliposikia mlango akageuka.

"Shikamoo, Baba." Baba akainua mkono, ndiyo marahaba yake siku hizi, akaketi kwenye kochi la nyuma.

"Sauti ya Baba iko wapi?" nikauliza.

"Na wewe umelala na mimi chumba kimoja? Salamu hakuna?"

"Shikamoo, Kaka. Sauti ya Baba iko wapi?"

Akashusha pumzi. "Nilijua utakuja na hilo. Kaa basi."

"Nimesimama vizuri."

Akaanza kueleza, na nitamtendea haki, alieleza bila kuficha. Wadhamini walikuwa wameonyeshwa filamu kabla yetu, ikiwa na sauti ya Baba. Ilipofika pale penye vimebaki vitatu, wakanong'onezana. Filamu ilipokwisha wakasema kila kitu safi, ila kompyuta inakosea Kiswahili. Mmoja wao akasema mashine ya gharama vile haiwezi kuchanganya ngeli kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Ukawaambia nini?"

"Ningewaambia nini? Filamu ikihitaji kuelezwa imeshakufa."

"Mbona mwanasayansi wako anaeleza kila kitu mara mbili?"

Fundi akakohoa, akainamia vitufe vyake.

"Wewe unaona utani," Kaka akasema. "Mimi nilikuwa na watu wanaotaka wamebaki, na sauti inayosema vimebaki, na Baba yuko hospitali, hana koo. Nani angerudia? Ningeweka kompyuta kwenye sentensi mbili na Baba kwenye zilizobaki? Ingesikika vibaya. Ikabidi yote iwe kompyuta."

"Kwa hiyo ulimfuta."

"Sikumfuta. Nilimbadilisha."

"Halafu ukaona haitishi, ukalipua tangi."

Hapo alikasirika, maana ilikuwa kweli. Akasema mimi sijui kazi ya filamu. Akasema kazi yangu ni kukaa kwenye kiti na kusoma nilichoandikiwa na wengine, saa ikifika naenda nyumbani. Nikamwambia ndiyo, na ninakisoma kama kilivyoandikwa, siwaulizi wadhamini kama wangependa mafuriko yawe mvua kidogo. Akasema nimezoea kubebwa na jina la Baba. Nikamwambia afadhali mimi nimelibeba, yeye amelibandika kwenye bati. Tulikuwa tunapandishiana sauti kama zamani tulipogombea redio, na Baba yuko nyuma yetu, mikono juu ya magoti.

"Nataka uirudishe," nikasema. "Leo. Kabla hujaipeleka kokote."

Kaka akazungusha kiti chake akatupa mgongo. Akafikicha macho. Alipozungumza tena hasira ilikuwa imemwishia, ilibaki sauti ya mtu aliyechoka na anayetaka kumaliza kazi aende zake. Alikuwa anazungumza na Fundi zaidi kuliko na mimi.

"Jamani, kizee kimeshafanya kazi yake," akasema polepole. "Kimesifiwa, kimeandikwa jina, kimefuatwa na gari kikaletwa maonyesho. Kinataka nini tena?"

Hakupiga kelele. Hakukuwa na mwangwi wala mlipuko. Fundi aliondoa mikono yake mezani akaiweka mapajani. Nilikuwa nimekaa saa mbili nzima kwenye ukumbi ule nikingoja kuogopa, na sasa ndipo niliposikia ubaridi unanishuka mgongoni. Mlezi alikuwa amezungumza, kama Baba alivyotufundisha kwenye meza ya jikoni, na alizungumza kwa mdomo wa mwanawe.

Kaka naye alisikia. Niliona mabega yake yanapanda. Akageuza kiti taratibu mpaka akamkabili Baba.

Baba akainua kidole chake, akakizungusha hewani.

"Baba, sikumaanisha hivyo. Nimechoka tu. Ni maneno ya..."

Kidole kikazunguka tena. Uso wa Baba haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wake wa kazini, wa kumngoja mwigizaji kijana arudie mstari. Rudia, toka mwanzo.

Kaka akafungua mdomo. "Ki..." akasema, na hapo ikamkwama. Akajaribu tena, midomo inacheza, hakuna kinachotoka. Wawili wale walitazamana hivyo, mmoja hana sauti na mwingine ameipoteza. Mimi sikumhurumia, nasema ukweli. Niliona anastahili, na nilitaka akae hapo mpaka jioni. Lakini aliinuka, kiti kikagonga meza, akaenda mlangoni akashika kitasa.

"Kamanda," Fundi akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia asubuhi ile. "Uliniambia nifute ile ya mzee. Sikufuta."

Kaka hakugeuka, lakini kitasa hakukizungusha.

"Icheze," nikasema.

Fundi aliungoja ule mgongo useme hapana. Haukusema. Akabonyeza.

Kwanza kulikuwa na ukimya wa chumba, ule ukimya wenye mtu ndani. Kisha Baba akazungumza. Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu walipomsukuma kwenye kitanda cha magurudumu akaniambia nikazime jiko. Ilijaza chumba chote bila kusukuma chochote. Kwenye kochi midomo ya Baba ilikuwa inakwenda nayo pamoja, hakupitwa na neno.

"Vimebaki vitatu," ikasema, kwa upole, kwa mapenzi karibu. "Kimoja kinalia."

Fundi alinyoosha mkono asimamishe. Nikamshika kiwiko, kwa sababu rekodi ilikuwa haijaisha. Tulisikia kiti kinalia. Tulisikia mtu anakunywa maji na kumeza kwa taabu. Halafu Baba, Baba mwenyewe, wa nyumbani, si Mlezi.

"Imekaa, mwanangu? Au nirudie? Leo bado naweza kurudia."

Na sauti ya Kaka ikamjibu kutoka mbali kidogo na kipaza sauti, sauti changa, imejaa furaha.

"Imekaa, Baba. Usiguse hata herufi moja."

Fundi akasimamisha. Kaka alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye ile sponji ya mlangoni. Aliporudi hakuomba radhi, hakunitazama, wala hakuweza kumtazama Baba. Alikivuta kiti chake, akaketi mbele ya skrini, akapangusa pua kwa mkono wa shati.

"Toa bati," akamwambia Fundi. "Weka Baba."

"Kwenye zile sentensi mbili?"

"Kote. Toka mwanzo mpaka mwisho."

"Na wadhamini?"

"Nitaongea nao mimi."

Fundi akaanza kuhamisha vipande kwenye skrini, kimoja kimoja, mpaka akafika pale stoo. Akasita. Palikuwa na umbo nene la sauti, lenye miiba, limelala juu ya mahali pa Baba. Ndilo lile tangi. Kaka alikuwa amewahi kunisimulia tangi hilo nyumbani, jinsi walivyolijenga kweli, jinsi walivyolichoma kweli, jinsi hakuna filamu yoyote ya kwetu iliyowahi kuwa na moto kama ule. Siku ya maonyesho alikuwa amewasimulia wadhamini pia.

"Na mlipuko?" Fundi akauliza. "Nikiuacha utamfunika."

Kaka aliligusa lile umbo kwa kidole kwenye skrini.

"Zima," akasema.

Mlango wa choo haukuzimwa, nataka hilo lijulikane. Unalipuka kwenye kila ukumbi mpaka leo, mwanasayansi anaeleza mara mbili, na mimi hasira yangu haijaisha. Kaka akija nyumbani namwamkia, napeleka chai, sikai naye.

Lakini asubuhi ile Fundi alipomaliza kuzima, alituuliza kama tusikilize. Kaka alikaa ameinamisha kichwa. Nyuma yetu, kwenye kochi, Baba akainua kidole akakizungusha.